Paka Asiyekula Mkononi Mwangu

Siku niliyomfunika paka kwa kikapu naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu haikuwa ndogo. Ya harusi nimesahau hata rangi ya kitambaa nilichofunga kichwani. Ya kikapu sijasahau kitu.

Sikuwa na nia ya kuisimulia. Lakini juzi nilikuja kwako kumwona mtoto. Akakuuma shavuni na vile vimeno vyake vinne, ukacheka, ukamwekea shavu la pili. Saa moja haijapita akamuuma binti wa jirani, ukamchapa vidole mpaka akakosa pumzi ya kulia. Mimi nilikuwa nimekaa pale na kikombe changu cha chai, sikusema neno. Njiani nikajilaumu. Halafu nikajiuliza nitamkanya vipi huyu, mimi niliyefanya mabaya zaidi na sijawahi kumwambia mtu. Basi nitaanza na langu, kisha lako litajionyesha lenyewe.

Ilikuwa kabla ya uhuru. Wazungu waliuita mji huu Stanleyville, sisi tukiendelea kuuita Kisangani. Tulikaa karibu na maporomoko, kwenye nyumba za wavuvi. Papa, baba yangu, na ndugu zake walikuwa na miti yao katikati ya maji, magogo yaliyosimikwa kwenye mawe na kufungwa kwa kekele, ile kamba ngumu ya msituni. Kwenye miti hiyo waliteremsha migono, vikapu virefu vyenye mdomo mpana, maji yakipita samaki anabaki. Mimi Mado nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kupasua samaki na kuwapanga juu ya kichanja cha moshi. Mikono yangu ilinuka samaki darasani, ilinuka samaki kanisani, na hata masista walipotupa sabuni ilinuka samaki waliooshwa kwa sabuni. Ikumbuke harufu hiyo.

Asubuhi moja Papa alirudi kutoka majini, mgono begani, anacheka peke yake. Akamwita Mama.

“Mama Zozo, kuya uangalie mbisi mi nashika leo.”

Mama akaja kuona hiyo mbisi, yaani samaki, akachungulia ndani ya mgono. Chini kabisa, juu ya samaki wawili, kulikuwa na kitoto cha paka kimelowa, kimeng'ang'ania vijiti kwa kucha zote. Kilitoka wapi hatukujua. Labda mtu wa juu ya mto alikitupa, maji yakakileta mpaka kwenye miti yetu.

“Iyo haiko mbisi,” Mama akasema. “Iko paka.”

“Bon, najua iko paka. Panya banamaliza kekele yetu, banamaliza mbisi ku kichanja. Akae hapa.” Kisha akaacha kucheka, akamwangalia mdogo wangu Zozo aliyekuwa anatambaa uani, ana miezi kumi hivi. “Lakini nasema mara moja. Siku Zozo atatembea, atakuwa anashika kila kitu. Kama ile siku paka angali analuma, namurudisha ku mayi.”

Papa hakuwa mtu mkatili, ila hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Nikamwomba paka awe wangu, akakubali. Tukampa jina Mayi, yaani maji, maana majini ndiko alikotoka. Na tangu siku hiyo nikawa na kazi moja kubwa kuliko samaki wote: kumfundisha Mayi asiume, kabla mdogo wangu hajasimama kwa miguu yake.

Sasa sikiliza jinsi nilivyoifanya. Nilipokuwa napasua samaki, Mayi alikaa miguuni pangu. Nikawa namkatia kipande cha utumbo, nakishika kwa vidole, nachezesha vidole juu ya pua yake mpaka aruke. Akiruka akakosa, nacheka. Akiruka akapata, anapata utumbo pamoja na ngozi yangu kidogo, nacheka pia. Wasichana wenzangu walikuja kuangalia. Tulimwona ni hodari. Hata Papa, yule yule aliyetoa masharti, alikuwa akikaa kwenye kiti chake jioni anachezesha vidole vya mguu ili Mayi avirukie, na vidole vyake pia vilinuka samaki.

Baada ya wiki chache Mayi akaota meno ya kweli. Hapo mchezo haukuwa mtamu tena. Alinishika hapa, kwenye mzizi wa kidole gumba, kovu bado lipo. Alimshika Mama alipokuwa anamenya ndizi. Kila mkono uliopita mbele yake aliudaka, na wewe unajua nyumba yetu, hakukuwa na mkono usionuka samaki. Nikaanza kumpiga. Nilimpiga puani kwa kidole, na kidole kile kile akakiuma. Nikampiga kwa ufagio, akajifunza kuuogopa ufagio. Na Zozo akawa ameshaanza kusimama, ameshika ukuta, anatikisa makalio kama mtu anayesikia ngoma.

Siku zile Mama alikuwa anamwachisha Zozo ziwa. Alifanya kama wamama wa kwetu wote walivyofanya: pilipili kidogo sana kwenye titi, ncha tu ya kidole, mtoto anaonja, anakunja uso, analia, anaachia. Siku mbili tatu Zozo akawa hataki tena. Mimi nikaona kwa macho yangu. Nikasema moyoni, kumbe dawa ipo jikoni muda wote huu.

Jumamosi, Papa yuko majini, Mama ameenda sokoni na Zozo mgongoni, na Koko, mama yake Papa tuliyekaa naye, yuko kwa ndugu zake. Nikachukua pilipili tano nyekundu, zile ndogo zisizo na huruma. Nikazisaga kwenye jiwe. Mama alitia ncha ya kidole. Mimi nilipaka vidole vyote kumi mpaka kwenye kucha. Kisha nikakaa chini nikamchezeshea Mayi vidole kama kawaida yetu.

Akaruka, akauma. Mara ya kwanza nilifurahi, mwanangu. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Alirudi nyuma anapiga chafya, anatikisa kichwa, nikasema, umeona sasa. Lakini akaanza kujifuta uso kwa mikono yake ya mbele, na mikono ile ilikuwa imeshika vidole vyangu. Kadiri alivyojifuta ndivyo alivyojisugua pilipili machoni. Akalia sauti ambayo sikujua paka anayo. Nikaogopa majirani watasikia. Sikuchukua maji, na mto mzima uko hatua hamsini kutoka mlangoni petu. Nilichukua kikapu kikubwa cha kubebea samaki, nikamfunika, nikaweka jiwe juu. Wenzangu walikuwa wananiita twende kufua. Nikaenda kufua.

Niliporudi alikuwa kimya. Nikainua kikapu. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, limevimba, linatoka maji mazito, na lilipokuja kufunguka siku nyingi baadaye lilikuwa jeupe. Hakunikimbia siku ile. Alikaa tu pale pale ambapo kikapu kilikuwa, kama kwamba bado kimemfunika.

Papa alirudi, akamwona, akauliza kuna nini. Nyuma yangu kuku wa Mama Feza alikuwa anaparura uani kwetu. Mama Feza alikuwa jirani, mjane, muuza pondu, majani ya muhogo, na kuku yule mmoja ndiye aliyekuwa mali yake yote yenye miguu. Nikasema, bila hata kufikiri:

“Kuku ya Mama Feza ilimudonoa.”

Basi, ilitoka kirahisi hivyo. Papa akamwita Mama Feza, kwa upole tu, akamwonyesha jicho. Mama Feza akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaja akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule, mbele ya mtoto wa miaka kumi na miwili.

“Pole, mutoto yangu. Kuku yangu iliharibu paka yako. Mi sikujua iko na roho mubaya vile. Leo naifunga.”

Akamfunga kuku mguu kwa kipande cha kekele, kwenye kijiti mlangoni pake. Kila nilipotoka ndani nilimwona kuku yule anazunguka kijiti chake, kamba inajikunja inakuwa fupi, anasimama, anaanza kuzunguka upande mwingine. Nilianza kupitia nyuma ya nyumba.

Koko alirudi Jumapili. Koko alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkali kwa wanaume, na alikuwa anasuka migono vizuri kuliko wanaume wenyewe. Alimwinua Mayi, akalinusa lile jicho. Akamweka chini. Akaniita nyuma ya jiko, tulikokuwa peke yetu.

“Mado, leta mukono.”

Nikatoa mkono. Nilikuwa nimeuosha mara ishirini. Akakishika kidole changu cha shahada, akaweka upande wa kucha kwenye ulimi wake. Akasimama hivyo kidogo. Nikaona macho yake yanaanza kulengalenga, sijui kwa pilipili au kwa nini. Akakiachia kidole, akatema mate pembeni.

Mwanangu, angenipiga ningeshukuru. Alikaa juu ya gogo, akaniambia nikae.

“Sikusema mbele ya papa yako, juu hata mi niko na haya,” akasema. “Nani alimufundisha huyu paka kama mukono iko chakula? Iko weye. Asubui unamupa mbisi na kidole, unacheka. Muchana unamupiga juu analuma kidole. Donc yeye afanye nini?”

Nikajitetea. Nikasema Mama naye alimtia Zozo pilipili, na Zozo amepona, na hakuna aliyemsema Mama.

“Mama yako alitia kidogo, kisha akamubeba mutoto mugongoni siku muzima. Alilia naye. Weye ulitia, ukafunika kitunga, nyoya yake niliona ndani, ukaenda zako. Ile haiko kitu moja.” Akaelekeza kidevu kwenye nyumba ya Mama Feza. “Na ile kuku, utaifungua weye. Mi siifungui. Papa yako haifungui. Utaenda ku Mama Feza na kinywa yako.”

Nikasema ndiyo, Koko. Lakini nikajiambia kwanza nimfundishe Mayi, akishajua, nitakuwa na kitu kizuri cha kusema pamoja na kile kibaya.

Koko ndiye aliyenionyesha namna. Jambo la kwanza, mikono. Yeyote anayetaka kumshika paka aisugue kwa jivu na ndimu mpaka harufu ya samaki itoke. Jambo la pili, chakula kiwekwe chini juu ya jani la mgomba, kisitoke kidoleni tena. Akatengeneza kipande cha kekele kuukuu kilichozungushiwa kitambaa, akasema meno ya Mayi yanawasha kama ya Zozo, kwa hiyo yapewe kitu cha kutafuna ambacho hakina damu. Na akiuma mkono, mkono usivutwe, maana kinachokimbia hukimbizwa. Mkono ulegee kama umekufa. Kisha mtu asimame, ageuke, aondoke bila kelele, mchezo umekwisha. Baada ya muda anarudi, anaanza upya kama hakuna kilichotokea.

Ikawa sheria ya nyumba nzima. Koko alimkamata Papa jioni moja anachezesha vidole vya mguu kwa siri chini ya kiti.

“Na weye mutu muzima,” akamwambia. “Ile mayi unasema utamutupa, uingie weye wa kwanza.”

Papa akarudisha mguu kwenye kiatu kama mtoto wa shule. Mama alicheka mpaka akaweka chini sufuria. Mimi nilicheka nusu, kisha nikakumbuka nisivyostahili.

Mayi alijifunza, lakini taratibu. Kwa Mama alijifunza kwanza, kwa Papa akafuata, kwa Koko hakuhitaji kujifunza, alilala mapajani pake siku nzima akiwa anasuka. Kwangu hakuuma tena hata mara moja, na hilo lilinitesa kuliko meno. Nikileta mkono uliooshwa, mweupe kwa jivu, alifumba jicho lake zima na kulaza masikio, akangoja. Hakutoroka wala hakunikwaruza, alingoja tu nifanye nitakalofanya. Chakula nikikiweka alisimama mbali mpaka niondoke. Nilijificha nyuma ya mlango nimwangalie anavyokula.

Kuku wa Mama Feza alikuwa bado amefungwa.

Kisha Zozo akatembea. Ilikuwa mchana, baada ya misa, majirani wamejaa uani kwetu wanakula kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki. Zozo akaachia ukuta, akapiga hatua nne moja kwa moja mpaka kwa Mayi, akaanguka juu yake na kumshika sikio na ngozi ya shingo kwa mikono miwili iliyojaa mafuta ya samaki. Papa akainuka nusu kwenye kiti. Mayi akafungua kinywa, meno yake yakakamata kile kidole kinene cha mdogo wangu, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa anakilamba. Zozo anacheka, hana hata alama.

Papa alikaa chini taratibu. Akaninyooshea mkono mbele ya watu.

“Muangalie mutoto yangu. Jicho moja, lakini paka ya Mado iko na akili kupita batu. Alimufundisha yeye mwenyewe, bila kumupiga. Paka anabakia.”

Watu wakapiga makofi. Mama Feza alipiga kwa nguvu kuliko wote. Mimi nilisimama katikati yao nikiangalia miguu yangu. Koko alikuwa upande wa pili na mgono magotini, hakupiga makofi, alikuwa ananiangalia tu, na nilijua anachongoja. Ilikuwa maneno machache, ningeyamaliza kabla mtu hajameza tonge lake. Nikatabasamu. Wakaona nina haya, wakasema mtoto huyu ana adabu.

Majuma machache baadaye Mama Feza akaamua kwenda kukaa na kaka yake katika mji wa Ubundu. Mama akaniambia nimsaidie kubeba mizigo mpaka kwenye mtumbwi wa kuvukia, kwani treni inaanzia ng'ambo. Nilibeba mkeka na sufuria zake. Yeye alibeba kikapu kidogo, kuku ndani yake, mguu bado una alama ya kamba, manyoya yametoka pale kekele ilipokuwa inasugua. Tukafika majini. Nikajiambia, sasa. Mwenye mtumbwi akapakia mkeka. Nikajiambia, sasa hivi. Mama Feza akaingia, akakaa, akaweka kikapu kwenye magoti yake, akanitazama kwa huruma kabisa.

“Mado, usikuwe na woga tena juu ya paka yako,” akasema. “Ile mubaya naenda nayo.”

Na mimi nikasema, “Asante, Mama.”

Asante, mwanangu. Hilo ndilo neno nililompa. Mtumbwi ukaondoka na sikumwona tena. Niliporudi Koko hakuniuliza kitu, na mpaka alipokufa hakuniuliza.

Mayi aliishi miaka mingi, panya walihama nyumba yetu, Zozo alikua akimbeba kama mtoto wa pili. Nilipoolewa nikamwacha kwa Mama. Kila nilipokuja kutembea nilinawa kwa jivu na ndimu mlangoni, watu wa nyumbani wakicheka, nikaweka kipande cha samaki kwenye kiganja, nikachuchumaa. Alikuja mpaka umbali wa mkono. Alifumba jicho, akangoja. Mwisho niliweka chini, nikaondoka.

Ndiyo maana nimekuja leo na sikutaka chai. Mtoto wako hakujua kuuma ni vibaya, wewe ulimfundisha ni kitamu, kwa shavu lako. Usimcheke leo kwa jambo utakalomchapa kesho. Akiuma, usipige kelele wala usicheke, mweke chini uondoke kidogo, urudi. Mpe kitu cha kutafuna, meno yanamwasha. Na mwambie baba yake pia, maana mkono mmoja ukifundisha hivi na mwingine vile, mtoto ndiye anayelipa. Ukilazimika kumpa uchungu, uwe mdogo, na ukae naye mpaka uishe. Usimfunikie kikapu ukaenda zako. Ukikosea, na utakosea, sema siku ile ile, ungali unawaona uliowakosea. Usingoje mpaka uwe na kitu kizuri cha kuchanganyia. Mimi nilingoja hivyo, na Mama Feza akavuka mto akiamini kuku wake ni mbaya.

Sasa mlete mtoto, mikono yangu nimeiosha. Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Akupe subira asubuhi na jioni. Na akupe mikono ambayo mwanao akiiona inakuja kwake, hatafumba macho.